Istilahi za Fasihi Juu ya Meza ya Leso

Mara ya kwanza nilipofanya mtihani wa kidato cha nne, niliingia chumbani nikiwa nimekariri istilahi arobaini na tatu za fasihi. Zilikuwa kwenye karatasi mbili za fotokopi ambazo zilikuwa zimepita mikononi mwa wanafunzi wengi hata wino ukafifia, kila istilahi na maana yake mbele yake, nami nilizisoma asubuhi na jioni kwa mpangilio uleule bila kuruka hata moja. Ungeniamsha usiku wa manane ukaniuliza tafsida ni nini, ningekujibu kabla sijafumbua macho. Lakini nilipowekewa ubeti mmoja wa shairi na kuulizwa mtunzi ametumia mbinu gani mbili za lugha, nilibaki nikiukodolea macho. Maana za istilahi nilikuwa nazo zote, ila sikuweza kuiona hata moja ikiwa kazini. Nikaandika tashihisi na sitiari, kwa sababu ndizo zilizokuwa juu kabisa kwenye karatasi yangu, kisha nikasonga mbele.

Matokeo yake sitayaeleza kwa kirefu. Inatosha kusema kwamba miaka minane baadaye nilijisajili tena, safari hiyo kama mtahiniwa wa kibinafsi, huku nikifanya kazi katika duka la shangazi yangu anayeuza leso, yaani kanga, karibu na Barabara ya Biashara hapa Mombasa. Nayaandika haya kwa sababu binamu yangu wa Tanga anajiandaa kwa mtihani wake, na amekuwa akiniuliza kwa ujumbe wa sauti niliwezaje mara ya pili jambo lililonishinda mara ya kwanza. Majibu ya sauti hupotea, na mengine nilimpa nikiwa nahudumia wateja, kwa hiyo nimeona heri niyaweke yote mahali pamoja.

Kwa walio nje ya Kenya, karatasi ninayoizungumzia ni ile ya tatu ya Kiswahili, 102/3, ambayo niliifanya ikiwa na alama 80 na muda wa saa mbili na nusu. Mtahiniwa alijibu maswali manne yenye alama 20 kila moja, la kwanza likiwa la lazima na mengine akiyachagua kutoka katika riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Swali la dondoo, yaani la maneno yaliyonukuliwa kutoka kitabuni, lina desturi zake: utaulizwa uliweke dondoo katika muktadha wake kwa alama nne, yaani useme msemaji ni nani, anamwambia nani, wakiwa wapi na kwa sababu gani, kisha utaulizwa utambue mbinu za lugha zilizotumika na kutoa mfano wa kila mbinu. Kwa kawaida anayetaja mbinu bila mfano hupata nusu ya alama, na anayetaja mbinu isiyokuwapo hapati kitu, hata kama maana yake ameiandika vizuri kama kamusi.

Mwalimu wangu halisi wa mbinu hizo alikuwa shangazi, ambaye hajawahi kulisikia neno sitiari na asingejali hata angelisikia.

Asubuhi moja aliingia dukani mama mmoja mtu mzima, wakasalimiana na shangazi kwa kirefu kama ilivyo ada, kisha akasema anatafuta leso ya kumpelekea wifi yake. Shangazi hakumwuliza rangi wala bei. Alimwuliza, “Mmepatana au bado?” Yule mama akacheka, akasema bado, lakini yeye amechoka na ugomvi. Shangazi akapekua leso kumi na kitu, akatoa moja iliyoandikwa Wema hauozi, akaitandaza mezani. Mama akaisoma, akanyamaza kidogo, akasema, “Hii itamfikia.” Akalipa, akaenda zake.

Kule kunyamaza kidogo ndiko kulikonifungua macho. Jina la leso, yaani ule msemo ulioandikwa chini ya mji, ile sehemu ya katikati ya leso, halichaguliwi kwa maana yake tu, bali kwa kile litakachomfanyia atakayelisoma. Shangazi anapochagua jina huwa anajiuliza litatuliza au litachokoza, litasema waziwazi au litazunguka, na aliyepelekewa ataweza kujibu au atabaki na fundo kooni. Karatasi yangu ya zamani ilinifundisha kwamba istilahi ni jina la kitu kilichokaa ndani ya sentensi, na kwa hiyo nilikuwa nikiikagua sentensi kama mtu anayetafuta ufunguo ulioanguka mchangani. Pale mezani nilianza kuiona istilahi kama jina la tendo: kuna mtu amefanya jambo kwa maneno, na jambo hilo lina jina. Tangu siku hiyo nilipokutana na dondoo sikujiuliza tena kuna mbinu gani hapa. Nilijiuliza huyu anamfanya nini mwenzake, na kwa njia gani, halafu jina ndilo lililokuja mwisho.

Nikaanza kuweka daftari. Kila jina la leso lililoingia dukani nililiandika, nikaeleza chini yake kwa maneno ya kawaida msemo huo unafanya nini, na mwishoni kabisa nikaandika istilahi, kwa penseli, kwa sababu nilijua nitakosea.

Nilikosea kweli, na la kwanza lilikuwa hilohilo la Wema hauozi. Niliandika tashihisi, kwa hoja kwamba wema si kitu chenye uhai na hapa umepewa sifa ya chenye uhai. Hoja hiyo inasikika vizuri, lakini haisimami. Tashihisi, ambayo wengine huiita uhuishaji, ni kukipa kisicho binadamu hali, hisia au matendo ya binadamu: upepo ukanong'ona, njaa ikabisha hodi, umaskini ukamshika mkono. Kuoza ni tabia ya embe, samaki au ubao. Aliyesema wema hauozi amekwisha kuufananisha wema na kitu cha kuliwa au cha kuwekwa ghalani, ila hakukitaja kitu chenyewe, akaturukia moja kwa moja kwenye tabia yake. Hiyo ni sitiari iliyojificha, na kosa langu ndilo ninaloliona hata leo kwenye mazoezi ya binamu yangu, kwamba kila kitu kisicho binadamu kikifanya jambo lolote basi tunakimbilia tashihisi. Nimemwambia ajiulize swali moja tu: jambo hili, ni mtu ndiye hulifanya? Kama jibu ni samaki, atafute jina jingine.

Tashbihi na sitiari hazikunisumbua kamwe, wala sidhani zinamsumbua mtu yeyote, kwa kuwa tashbihi hujitangaza kwa kama, mithili ya, mfano wa au ja. Tatizo linaanzia pale sitiari inaporefuka. Jina Sisi sote abiria, dereva ni Mungu, ambalo hata madereva wa matatu wanalipenda, lina sitiari mbili zilizoshikana: sisi ni abiria, Mungu ni dereva. Ukiziacha hapo utakuwa umejibu sawasawa. Lakini ukiangalia zaidi utaona kwamba picha yote ni moja, maisha yakiwa safari na dunia ikiwa chombo ambacho hakuna kati yetu aliyeshika usukani, na picha ya namna hiyo inayotandazwa na kuacha mengine yafumbuliwe na msomaji ndiyo jazanda. Kwa hiyo huwa natumia sitiari pale ambapo kitu kimoja kimeitwa kingine, na jazanda pale ambapo hali nzima imesimama badala ya hali nyingine bila hali ile ya pili kutajwa. Mpaka kati yake si ukuta wa mawe. Katika mtihani nilijilinda kwa kueleza: niliandika jina, nikanukuu maneno, nikaongeza sentensi moja ya kusema kitu gani kinasimamia kitu gani. Maelezo hayo ndiyo yanayomwonyesha mtahini kwamba hukubahatisha.

Kuna majina mengine yalinifundisha jambo la kinyume, kwamba si kila kauli kali ina tamathali. Hasidi hana sababu ni kauli kali kweli, lakini ukiitafutia sitiari utaumia bure, kwa maana kila neno limetumika kwa maana yake. Nguvu yake inatoka kwenye ukweli wake na kwenye sauti, kwa jinsi ile ha na ile s zinavyorudi mdomoni. Unaweza kuzungumzia takriri ya sauti, basi. Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake ina mengi zaidi: naogopa na siogopi zimewekwa zikabiliane, jambo ambalo walimu wengi huliita tanakuzi, pande mbili zimejengwa kwa umbo moja, na meno yamefichwa ndani ya maneno kiasi kwamba anayeisoma kwa sauti analazimika kutabasamu. Ninayempa leso hiyo nimemwambia mambo mawili, kwamba nimesikia aliyoyasema, na kwamba hayakunitikisa.

Kinaya na kejeli ndizo zilizonila alama nyingi zaidi, na naomba nikae hapa kidogo. Karatasi yangu ya fotokopi ilisema kinaya ni “kinyume cha mambo” na kejeli ni “kusema kinyume cha mambo kwa kudharau,” maelezo ambayo yanafanana kama ndugu pacha na hayamsaidii mtu. Nilichokuja kukielewa ni kwamba kejeli inakaa kwa msemaji na kinaya kinakaa kwenye mambo yenyewe. Kejeli lazima iwe na mtu anayemcheka mtu. Mteja aliyekopa leso mara tatu bila kulipa akiingia tena dukani, shangazi humwambia, “Karibu, tajiri wangu,” na wote tulio dukani tunainamisha vichwa. Hakuna asiyeelewa kwamba tajiri hapo ni mwiba, na mwiba huo umechomwa kwa kusudi. Kinaya hakihitaji mtu wa kucheka. Matatu iliyoandikwa Subira huvuta heri nyuma yake, ikiyapita magari matatu kwenye kona, ni kinaya hata kama hakuna aliyeiona, kwa sababu maneno na matendo yamekwenda njia tofauti. Zima moto ambaye nyumba yake inateketea, mlinzi anayeibiwa viatu akiwa zamuni, mzazi anayemwozesha binti yake kwa tajiri ili asipate taabu na taabu ikamkuta huko huko: hapo hakuna aliyesema neno la dharau, matarajio ndiyo yamepinduka. Na kama mtu hukumbuki chochote kingine kuhusu kinaya, kumbuka jina hili la leso ambalo ni maana yake kamili kwa maneno manne: Mdhaniaye ndiye, kumbe siye.

Sadfa nayo huchanganywa na kinaya mara nyingi katika hadithi. Mtu akikutana kituoni na ndugu aliyepotezana naye miaka ishirini, hiyo ni sadfa, yaani mambo mawili yamegongana bila kupangwa. Kama ndugu huyo ndiye aliyekuwa akimkimbia kwa muda wote huo, na ameingia mwenyewe ndani ya basi alilomo, hapo umepata sadfa na kinaya kwa pamoja, na unaruhusiwa kuzitaja zote mbili ukitoa sababu.

Jambo la pili lililonisaidia lilikuja kwa bahati, nikiwa nahesabu chenji. Shangazi bado anaiita senti hamsini sumuni, nami nikakumbuka kwamba neno lenyewe ni thumuni, sehemu moja ya nane, na kwamba lina wenzake: thuluthi, robo, sudusi. Nikaacha kuhesabu. Mashairi ya mishororo mitatu katika kila ubeti huitwa tathlitha, na kumbe tathlitha ni jamaa ya thuluthi na thelathini. Tarbia, yenye mishororo minne, inatoka nyumba moja na robo na arubaini. Takhmisa ya mishororo mitano ni ya ukoo wa hamsini na Alhamisi, na tasdisa ya mishororo sita ni ya ukoo wa sudusi na sita. (Alhamisi ni siku ya tano kwa hesabu ya Kiarabu, na Jumatano ni ya tano kwa hesabu yetu, ndiyo maana juma la Kiswahili lina tano mbili zinazofuatana, na sijawahi kumsikia mtu akilalamika.) Miaka minane nilikuwa nimeyakariri majina hayo kana kwamba ni ya dawa za hospitali, ilhali nusu yake nilikuwa nikiyatamka kila siku nikirudisha chenji.

Baada ya hapo nilizipitia istilahi zote nikitafuta jamaa zake. Tabdila ina badili ndani yake, na kweli ni mshairi kubadili sauti ya neno ili kina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande, kipatikane. Mazida ina zidi na ziada, na kweli ni kurefusha neno ili mizani, yaani hesabu ya silabi, itimie, kama enda inapofanywa enenda. Taniaba ina niaba, ile ya kusema jambo kwa niaba ya mtu, na kweli ni kitu kimoja kusimama kwa niaba ya kingine: tunaposema mkono mtupu haulambwi, mkono umesimama kwa niaba ya mtu mzima. Taswira ina sura. Taharuki ina haraka na harakati, na ukiwaza jinsi moyo unavyokwenda mbio mhusika anapofungua mlango asiojua nyuma yake kuna nini, hutaisahau tena. Tashbihi ina kushabihiana. Takriri ina kukariri, na hapo nilicheka peke yangu, kwa kuwa mbinu ya kurudiarudia ndiyo niliyokuwa nikiitenda juu ya karatasi ile ya fotokopi bila kuitambua.

Njia hiyo ina mtego wake, na ni haki niutaje. Jamaa ya neno hukufikisha mlangoni, haikuingizi ndani. Kinaya kwa Waarabu wa elimu ya balagha, yaani ya ufasaha wa usemi, ni kusema jambo kwa kulizunguka, nacho si hicho anachokitaka mtahini wetu. Majazi kwao ni jina pana la kutumia neno nje ya maana yake ya asili, lakini katika madarasa ya Kenya majazi ni mwandishi kumpa mhusika au mahali jina linaloafiki tabia yake, kama vile mchoyo kuitwa Bwana Mkonobirika. Majazi hayo nayo yatofautishwe na lakabu, ambalo ni jina la kupangwa analopewa mhusika na wahusika wenzake, au analojipa mwenyewe, hadithi ikiwa imekwisha kuanza. Bwana Mkonobirika alizaliwa nalo. Kama mtaa mzima ungemwita Birika kwa sababu ya ubahili wake, na jina lake halisi likawa jingine, hilo lingekuwa lakabu.

Kwa upande wa ushairi, niligundua kwamba siwezi kuelewa uhuru wa mshairi mpaka nibanwe na kanuni mimi mwenyewe. Kanuni zenyewe za mizani na vina zimeandikwa vitabuni siku nyingi, na Amri Abedi alizichapisha mwaka 1954, lakini kuzisoma ni jambo moja na kuzitii ni jingine. Nikajipa kazi ya kutunga ubeti mmoja kila Jumapili. Huu si mzuri kuliko yote, ila ndio ulionifundisha zaidi:

Leso ziko kabatini, nimekuja kuchagua,
Nampa wangu jirani, jinale apate jua,
Asonisema usoni, nyuma kinywa hufungua,
Yalonikaa moyoni, leso itayapakua.

Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani nane. Hesabu kwa vidole utaona, ukikumbuka kwamba m ya nampa inahesabiwa mizani yake peke yake. Vina vya kati ni ni, vya mwisho ni a. Kwa idadi ya mishororo huo ni ubeti wa tarbia, kwa vipande ni mathnawi, na kama beti zote zingefuata vina hivihivi hadi mwisho lingekuwa shairi la mtiririko. Shairi moja basi linaweza kuwa na majina matatu ya bahari, yaani ya aina za mashairi, bila kosa lolote, kila jina likitazama upande wake, na wanafunzi wanaogombania kama shairi ni tarbia au mtiririko wanagombania kama mtu ni mrefu au ni Mdigo.

Nilipokuwa nikiutunga ndipo nilipokutana na ule uhuru. Jina lake lilikuwa refu kwa mizani moja, nikaandika jinale. Asiyenisema haikuingia, nikaandika asonisema. Yaliyonikaa nayo ikawa yalonikaa. Hizo zote ni inkisari. Jirani wangu ingeniharibia kina cha kati, nikapindua mpangilio nikaandika wangu jirani, na huko ndiko kuboronga sarufi, jina baya kwa kitendo ambacho ni cha halali kabisa. Lau kina kingekuwa na, huenda ningediriki kuandika jirana, nikawa nimeingia kwenye tabdila. Tangu hapo swali la “onyesha jinsi mshairi alivyotumia uhuru wake” lilinirahisikia, kwa sababu nilijua mshairi huyo alibanwa mahali gani na kwa mizani ngapi.

Tahadhari moja kwa watu wa pwani na hasa kwa wasio wa pwani: mato, kitwa na nde ndani ya shairi si tabdila. Hayo ni maneno ya Kimvita, na shangazi huyatumia akizungumza na wenzake bila kutafuta kina chochote. Mshairi aliyeandika mato ametumia lahaja, na ndivyo inavyopasa kujibiwa.

Ubeti huohuo niliutumia kumfundisha binamu nafsineni na nafsinenewa. Nilimwuliza anayesema ni nani, akajibu mimi, kwa kuwa ndimi niliyeutunga. Sivyo, anayesema ni mteja aliyekuja na dukuduku lake. Nikamwuliza anasemeshwa nani, akajibu jirani. Hapo pia alikosea, kama wanavyokosea wengi, kwa sababu jirani anazungumziwa tu na hayupo dukani. Anayesemeshwa ni muuza leso. Leso inayopakua ya moyoni kwa upawa kama mpishi, hiyo sasa ni tashihisi halali, na safari hii aliijua bila kusaidiwa.

Kuhusu fasihi simulizi sina mengi. Vipera vyake, yaani aina zake ndogondogo, nilivisoma kwa kutafuta mfano hai wa kila kimoja miongoni mwa watu ninaowajua, na kwa kuwa naishi kwenye nyumba yenye wazee watatu haikunichukua muda.

Ambacho sikukitarajia ni kwamba mimi na binamu tungetofautiana kwa sababu ya mpaka wa Lungalunga. Yeye amefundishwa kugawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui: fani ina muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, na maudhui yana dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, mtazamo na msimamo. Tamathali za semi kwao zina kapu lake, na takriri, tanakali sauti, mdokezo, mjalizo, nidaa na tashititi zinawekwa kwenye kapu jingine la mbinu nyingine za kisanaa. Sisi huku tunaandika tashtiti, tunatofautisha mbinu za lugha na mbinu za sanaa, na istilahi kama majazi tunaitumia kwa namna yetu. Mwanzoni nilimsahihisha kwa kujiamini sana, mpaka mwalimu wake akamrudishia zoezi likiwa na alama nyekundu mahali ambapo nilikuwa nimemshauri abadilishe. Niliomba radhi. Sasa namwambia afuate mtaala wake kwa majina, na mimi nimsaidie kwenye kule kuona tu.

Mara ya pili nilipoketi kwenye chumba cha mtihani sikuwa na orodha kichwani. Nililisoma dondoo mara mbili, nikamwona mhusika mmoja akimsifu mwenzake kwa sifa ambazo sote tulijua hana, nikamsikia shangazi akisema “tajiri wangu.” Nikaandika kejeli, nikanukuu, nikaeleza ni nani aliyechomwa na kwa nini asingeweza kujibu. Muda uliobaki niliutumia kuhakiki mizani kwa vidole chini ya dawati, hata msimamizi akaja kuniangalia mikono.

Lipo jina moja ambalo mimi na binamu bado hatujalimaliza, nalo ni Usisafirie nyota ya mwenzio. Yeye anashikilia kwamba ni sitiari, kwa kuwa nyota imewekwa mahali pa bahati. Mimi nashikilia kwamba ni jazanda, kwa kuwa ndani ya maneno hayo manne naiona bahari yote, chombo, usiku, na nahodha anayefuata mwanga usio wake. Juma lililopita tuliamua kumsikilizisha shangazi ujumbe wa sauti wenye hoja za pande zote mbili ili atuamue. Aliusikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni, kisha akauliza kama binamu anaitaka hiyo leso au haitaki, maana imebaki doti moja.